Mama Yake Fulani: Nasaba Zetu na Majina Tuliyoyaacha Njiani

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia kalamu kuwa neema kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Mwezi wa Shaabani uliopita tulikusanyika nyumbani kwetu Kakuyuni kwa hitma ya kila mwaka, kama ilivyo ada ya jamaa nyingi za pwani kabla ya kuingia Ramadhani. Majamvi yalitandikwa chini ya mwembe, wanaume upande huu na wanawake upande wa jikoni, na juzuu zikagawanywa. Ilipofika zamu ya kuwataja marehemu, tulitoa karatasi aliyoiandika marhumu baba yetu kwa herufi za Kiarabu, karatasi ambayo hukaa ndani ya kitabu cha Maulidi mwaka hadi mwaka. Tukaanza kusoma: fulani bin fulani, na ndugu yake fulani, na ami yake fulani. Katika mstari wa nne imeandikwa jina la babu yetu, kisha maneno haya: na mama yake. Basi. Mstari unaofuata ni wa mtu mwingine.

Mjukuu wetu wa miaka tisa, aliyekuwa ameketi karibu na miguu yetu, aliinua uso akauliza, "Babu, huyu mama yake babu yenu hana jina?"

Watu wazima walicheka, nasi tukacheka. Shangazi yetu, mwenye umri uliopindukia miaka themanini, hakucheka. Alitazama jamvi.

Ndugu wasomaji, karatasi ile tumeisoma kwa zaidi ya miaka thelathini. Tumewaombea watu wetu kwa majina yao na kwa majina ya baba zao, na kila mwaka tukapita juu ya bibi yule kama mtu apitaye juu ya ufa wa sakafu alioukuta tangu utotoni. Ilihitaji mtoto kutuonyesha.

Kabla hatujaendelea tuna jambo la kukiri, kwa kuwa makala hii haitakuwa ya kweli bila ya hilo. Miaka miwili kabla ya hitma hiyo, kijana mmoja wa kijiji jirani, mwalimu wa madrasa na mwenye tabia njema, alileta posa kwa binti wa ndugu yetu. Wazee walikaa kikao. Wakauliza: asili yake wapi? Ikajulikana kwamba babu yake aliitwa bin Abdallah, na nyuma ya Abdallah huyo hapana mtu anayejulikana. Ikasemwa kwa sauti ya chini kwamba hao ni watu waliotoka mashambani zama za utumwa. Sisi tuliulizwa sheria inasemaje. Tukaeleza habari ya ukufu kama tulivyoisoma vitabuni, tukanyamaza. Posa ikarudishwa. Binti mwenyewe hakuulizwa. Mambo haya mawili, posa ile na mstari ule wa nne, tulidhani ni mbalimbali.

Vitabu vya vijiji vya Uingereza

Katika siku hizo alikuwapo likizoni mwana wa ndugu yetu mwingine ambaye ni muuguzi huko Uingereza. Aliposikia swali la mtoto alitusimulia habari ya bibi mmoja wa Kiingereza anayefanya kazi naye, ambaye si mtu wa ukoo mkubwa. Wazee wake walikuwa vibarua wa kulima na kuchunga kondoo. Hata hivyo bibi huyo anawajua kwa majina watu wake wa zaidi ya miaka mia tatu, wake kwa waume, na kijiji walichozikwa. Tukauliza: aliyapata wapi? Jibu lake lilitufanya tusome, na tuliyoyasoma yanafaa kuelezwa kwa ufupi.

Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila mtaa wa kanisa nchini Uingereza uweke kitabu, na kila juma kasisi aandike waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Kitabu kilitakiwa kiwekwe ndani ya kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na mwingine kwa wasimamizi wa kanisa, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kukifungua peke yake. Mwishoni mwa karne hiyo ikaamriwa vitabu viwe vya ngozi badala ya karatasi, na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Kuanzia mwaka 1754 ndoa ziliandikwa katika kitabu chake maalumu, na bwana na bibi harusi wakatia saini, au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika. Kuanzia mwaka 1813 zikaja fomu zilizopigwa chapa. Na tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe ikaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya watu wote.

Kwa hiyo mtu wa huko atafutaye wazee wake hufanya hivi: huanza na mtu anayemjua, hutafuta kifo chake, kutoka kifo huenda kwenye ndoa, na kutoka ndoa huenda kwenye kuzaliwa, ambako hukuta jina la mzazi. Kisha huanza upya na mzazi huyo. Hurudi nyuma hatua kwa hatua wala haruki daraja.

Wala si kazi nyepesi. Majina ni machache, na katika kijiji kimoja wamo akina John na akina William wengi, hata mtu humchukua mzee asiyekuwa wake. Hadi mwaka 1751 mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo aliyezaliwa Februari huandikwa katika mwaka ambao sisi leo tungeuita uliopita. Katika vitabu vingi vya mwanzo mtoto huandikwa kwa jina la baba peke yake, na mama hatajwi. Tuliposoma hilo tuliikumbuka karatasi yetu.

Na maskini waliandikwa kwa sababu nyingine isiyopendeza. Kwa sheria ya mwaka 1662, kila mtu alihesabiwa kuwa wa mtaa fulani, na akiwa fukara angeweza kuhojiwa na kurudishwa mtaa wake ili asiwe mzigo kwa wengine. Wanawake waja wazito wasio na waume waliulizwa maswali mbele ya mahakimu: umezaliwa wapi, umetumikia nyumba gani, baba wa mtoto ni nani. Karatasi za mahojiano hayo zimebaki. Wajukuu wa leo humpata bibi yao hapo, siku ya aibu yake, akijibu maswali ya wanaume.

Tulikutana pia na habari ya mwanamke Mwafrika aliyeitwa Cattelena, aliyeishi katika kijiji cha Almondsbury, huko Gloucestershire, mapema katika karne ya 17. Alipofariki mwaka 1625 iliandikwa orodha ya vitu alivyoviacha: kitanda, vyombo vya jikoni, nguo, na ng'ombe mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mali yake kubwa kuliko zote. Hatujui alifikaje huko. Tunajua tu kwamba aliishi, alikamua ng'ombe wake, na hakuwa mali ya mtu. Mambo matatu hayo yamehifadhiwa na karatasi moja kwa miaka mia nne.

Daftari zetu ziko wapi?

Wapo watakaosema kwamba Waingereza wana vitabu nasi hatuna. Hiyo si kweli. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hawangesema hivyo kama hawakuzijua daftari. Masharifu wa Lamu na kwingineko wamehifadhi silsila zao kwa maandishi kizazi baada ya kizazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake wa Mazrui. Lakini hao ni watu wa koo mashuhuri. Swali letu ni la watu wa kawaida: mkulima wa Ganda, mvuvi wa Mayungu, mwanamke wa Kakuyuni. Hao nao wameandikwa, ila wameandikwa kwa mafungu, hapa mstari na pale mstari.

Kwanza ni vitabu vya ndoa na talaka. Tangu mwaka 1906 palikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu katika nchi hii, na vitabu vya makadhi na vya wasaidizi wao ndivyo vilivyo karibu zaidi na vile vya vijiji vya Uingereza.

Pili ni hati za ardhi. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa maili kumi alete dai lake, na wadai walitaja walirithi kwa nani na mpaka wao ni nani.

Tatu ni karatasi za utumwa na za uhuru. Mji wa Malindi ulihuishwa mwaka 1861 kwa amri ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka Nyasa, kwa Wayao na kwingineko. Wengi walitoroka wakaenda bara, wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo, na wengine wakakimbilia misheni ya Rabai. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alitangaza uhuru wa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni, baada ya kuafikiana na mabwana zao juu ya fidia ya riale 25 kwa kila mtu. Hatimaye mwaka 1907 hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani hii, na mabwana wakaruhusiwa kudai fidia mbele ya serikali.

Nne ni vitabu vya makanisa ya misheni. Msomaji asishangae kumsikia sheikh akivitaja. Huko Rabai, alikoanza Ludwig Krapf na wenzake katika miaka ya 1840, na huko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, walipokusanywa watu waliookolewa majahazini tangu mwaka 1875, wamisheni waliandika kama walivyozoea kwao. Humo waweza kukutwa ndugu wa bibi zetu, kwa kuwa jamaa moja iligawanyika: huyu akasilimu akaolewa Malindi, yule akabatizwa Rabai. Kutafuta jina la ndugu katika kitabu cha watu wengine hakumtoi mtu katika dini yake.

Tazameni basi tofauti iliyopo. Cattelena wa Almondsbury aliandikwa kwa sababu ya alichomiliki. Wengi wa bibi zetu waliandikwa kwa sababu ya kumilikiwa. Pahali pa kwanza pa kuwatafuta ni katika madai ya fidia ya wale waliowahesabu pamoja na minazi.

Tulichokipata

Siku ya hitma, wageni walipokwisha kuondoka, shangazi yetu alituita ukumbini.

"Maalim," akasema, "hawe alikuwa na jina. Tulikatazwa kulitamka."

Akatueleza kwamba bibi huyo alifariki mwaka wa mafuriko makubwa, yaani 1961, naye shangazi alikuwa msichana mkubwa aliyekuwa akimsuka nywele. Alikuja Kakuyuni na mumewe, Mgiriama aliyesilimu, au mahaji kama walivyoitwa, akitoka shamba moja karibu na Malindi. Mwanawe, ambaye ndiye babu yetu, alipokua na kuheshimiwa aliamuru jina la mamake lisitajwe mbele ya watoto, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa mojawapo ya majina waliyopewa watumwa, na kila alisikiaye angejua. Hakufanya hivyo kwa kumchukia mama yake. Alitaka watoto wake wasitukanwe kisimani. Ndipo ikawa "mama yake" tu, kwanza mdomoni, kisha kwenye karatasi.

Ushahidi wa mzee ni mwanzo wa kazi, na kila mwanzo hutaka kuthibitishwa. Tulitumia miezi kadhaa. Katika ofisi moja tuliyoiendea, kitabu cha miaka tuliyoitaka kilikuwa kimeliwa na mchwa, kimebaki jalada na vumbi. Katika ofisi nyingine karani mwenye subira alitufungulia vitabu vya zamani, navyo vimeandikwa kwa tarehe za Hijria. Hapo tukakumbuka Waingereza na mwaka wao wa Machi, kwani mtafutaji asiyejua kwamba mwaka 1325 wa Hijria ulianza Februari 1907 atapotea. Kosa jingine nusura tulitende: Wagiriama humwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la babu yake, hata majina mawili hupokezana katika ukoo mmoja vizazi na vizazi. Tulimpata mtu mwenye jina kamili la babu mkubwa wetu, tukafurahi, kisha tukabaini ni mjukuu wa ndugu yake.

Hatimaye, katika ukurasa wa mwaka 1327, tulimkuta. Jina la mume lilikuwa lile lile, na mbari ile ile. Mahari yalikuwa rupia kumi na tano. Jina la bibi harusi lilikuwa lile lile alilotwambia shangazi, likifuatwa na maneno "binti Abdallah". Na mahali pa walii palikuwa pameandikwa: kadhi.

Msomaji mwanamke ataelewa uzito wa neno hilo moja. Walii wa mwanamke ni baba yake, au babu yake, au kaka yake, au ami yake. Kadhi huwa walii wa asiyekuwa na walii. Bibi yetu alisimama siku ya ndoa yake bila mwanamume mmoja wa damu yake, kwa sababu damu yake ilikuwa imeachwa njiani, mahali ambapo hakuna kitabu kinachopataja. Na Abdallah yule si baba yake. Abdallah maana yake ni mja wa Mungu, na ndilo jina wapewalo kuwa la baba wale ambao baba zao hawajulikani. Ni jina la sitara na la heshima. Ndilo jina tuliloliona kuwa upungufu kwa yule kijana wa posa.

Huko Rabai tuliambiwa majina ya wasichana wawili ambao huenda mmoja wao alikuwa ndugu yake. Miaka inalingana, lakini zaidi ya hapo hatuna. Tumeyaandika pembeni kwa alama ya kuuliza, nasi tunawausia wengine wafanye hivyo. Dhana iandikwe kuwa dhana. Nasaba ya kubuni ni uongo, na Mtume (rehema na amani zimshukie) amemkemea vikali anayejinasibisha kwa asiyekuwa baba yake.

Ukufu na utumwa

Wako wanaodhani kwamba habari kama hii ni ya kufichwa. Hata methali tunayoitumia kuwahimiza vijana wapende asili yao husema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Tumeitamka mara ngapi mimbarini! Nasi ndani ya nyumba yetu tulikuwa tumemkataa aliye kwetu kwa sababu alikuwa mtumwa.

Tumtazame Zayd bin Haritha. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika nyumbani kwa Bi Khadija na kisha kwa Mtume, naye akamwachilia huru na kumlea hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Baba yake alimtafuta mpaka akampata Makka, na Zayd akachagua kubaki. Aya ya tano ya Sura Al-Ahzab ilipoteremka ikiagiza watu waitwe kwa baba zao, akarudishiwa jina lake la haki. Aya hiyo hiyo haikumwacha asiyejulikana baba yake, kwani imemfanya ndugu yetu katika dini. Zayd huyo ndiye Mtume aliyemwoza Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Mwanawe Usama akamwoa Fatima binti Qays, Mkureshi. Na mama yake Usama alikuwa mwanamke wa Kihabeshi aliyepata kuwa mtumwa. Tarehe ya Uislamu haikumwandika "mama yake Usama" tu. Inamjua kwa jina lake, Baraka, na kwa kuniya yake, Ummu Ayman. Inamjua pia Thuwayba, aliyemnyonyesha Mtume naye akiwa mjakazi wa Abu Lahab. Wanawake hao wana majina kwa Waislamu wote miaka 1,400 baadaye. Wetu alilikosa jina lake kwa wajukuu zake katika miaka sitini.

Ama ukufu, tuseme leo tulilolinyamazia siku ile. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ukufu ni haki ya mwanamke na ya walii wake. Si sharti la kusihi kwa ndoa. Wakiridhia wao, ndoa ni sahihi wala hapana wa kuingilia. Wajibu wetu ulikuwa kumwuliza binti kama ameridhia, na kuwaeleza wazee kwamba dini na tabia ndizo za kutangulizwa. Tulijua hayo yote siku ile. Tuliogopa uso wa ukumbi.

Baada ya kurudi na nakala ya ukurasa ule tulikwenda kwa wazazi wa yule kijana tukaomba radhi. Walitukaribisha kwa kahawa na wakatusamehe. Mwana wao amekwisha kuoa kwingine, naye anaishi kwa amani, alhamdulillahi. Kisha tukaenda kwa binti wa ndugu yetu, tukamweleza safari yote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Ami, mmekwenda mbali kote huko kumtafuta bibi aliyekwisha kufa, na mimi nilikuwa chumba cha pili."

Hatukuwa na jibu. Tumeandika maneno yake hapa kwa idhini yake, kwa kuwa amesema huenda yatamfaa msichana mwingine.

Tufanye nini majumbani?

Kujua nasaba si kwa ajili ya kujifaharisha. Mtume ametuhimiza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Tena ziko haki zinazoisimamia. Mashamba mangapi hapa kwetu yamekaa bila kugawanywa tangu babu mkubwa, na siku ya kufika mahakamani watajwao ni wana wa kiume tu, kwa kuwa mabinti walioolewa mbali hakuna aliyewaandika? Fungu la mwanamke limepangwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, nalo hupotea kwa kukosa mstari mmoja wa wino. Halafu kuna ndugu wa kunyonya, ambao ni haramu kuoana kama ndugu wa damu. Mama wawili walionyonyesheana watoto wakati wa ugonjwa wakifariki bila kusema, nani atajua?

Basi kila nyumba na inunue daftari moja ngumu. Aanze mama wa nyumba, kwani katika mambo haya yeye ndiye mwenye elimu. Aandike anaowajua kwanza, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua. Kila mtu aandikwe kwa jina lake, la baba yake na la mama yake, mahali alipozaliwa, aliyemwoa au aliowaoa, na aliponyonya. Wageuzwao majina kwa kusilimu waandikwe na jina la kwanza pia, kwani ndilo litakalowaunganisha na jamaa zao.

Wazee wasioijua miaka yao waulizwe kwa matukio: ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa mafuriko ya 1961? Siku ya Uhuru mwaka 1963 ulikuwa umeolewa? Mama yako alisimulia habari za vita vya Mekatilili, mwaka 1914, kama aliyeviona au kama aliyesimuliwa? Kila jawabu liandikwe pamoja na jina la aliyesema. Vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa na barua za shamba zipigwe picha kwa simu, na nakala apewe mtu wa nyumba nyingine, kama Waingereza walivyopeleka nakala kwa askofu. Mchwa hawawezi kula nyumba mbili kwa siku moja.

Na wazee waulizwe sasa. Shangazi yetu alikuwa na jina lile kifuani kwa zaidi ya miaka sitini, naye angelitoa siku yoyote kama angeulizwa.

Sisi nasi, tunaosimamia ndoa, tunajilaumu mbele yenu. Usiku wa siku tuliyompata bibi yetu tulifungua daftari yetu wenyewe ya nikaha, ya miaka ishirini na zaidi. Bwana harusi ameandikwa na baba yake. Bibi harusi ameandikwa na baba yake. Walii yupo, mashahidi wapo, mahari yapo. Hakuna mama hata mmoja. Tangu siku ile kila ndoa tunayoifunga tunauliza majina ya mama wawili na kuyaandika pembeni, ingawa fomu haiyataki. Mara nyingi bwana harusi husita kidogo, akageuka kumwuliza ndugu yake jina kamili la nyanya yake. Twangoja mpaka alipate.

Jina la bibi yetu hatulitaji hapa. Si kwa aibu, ila kwa kuwa shangazi yetu ameomba lianzie nyumbani. Karatasi ya marhumu baba yetu hatukuichana. Tumeinakili upya, na mstari wa nne sasa una jina la mama yake babu, binti Abdallah. Shaabani ijayo, Mwenyezi Mungu akituweka hai, atakayeusoma mstari huo ni yule mjukuu aliyeuliza. Ameanza kujizoeza, na jina analitamka vizuri.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu, wanaojulikana kwa majina na wasiojulikana ila Kwake. Amin.